Nguvu ya Bunduki na Huruma ya Mwindaji

Wako watu waulizao: Je, yafaa kuwinda wanyama wadogo kwa bunduki ya upepo? Na kama yafaa, bunduki hiyo yapasa iwe na nguvu kiasi gani? Swali hili laonekana kuwa la fundi wa silaha au la mwenye duka. Lakini tukilitazama vema twaona kwamba ndani yake mna swali lingine lililo kubwa zaidi: mtu aliyekusudia kuua, ana deni gani kwa yule auawaye?

Kwanza na tuijue silaha yenyewe. Bunduki ya upepo haitumii baruti. Nyingine ina kamani ndani yake. Mwindaji huikaza kwa mkono, na anapofyatua, kamani huisukuma pistoni, pistoni huibana hewa, na hewa hukirusha kirisasi kutoka mtutuni. Nyingine ina chupa ya hewa iliyoshindiliwa kwa pampu. Watu wengi hudhani ya kuwa silaha hii ni mchezo wa watoto, lakini sivyo. Tangu mwaka 1780 hivi baadhi ya askari wa Austria walichukua bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni. Tena Lewis na Clark walikuwa na bunduki ya namna hii katika safari yao ya kuvuka bara la Marekani, miaka 1804 hadi 1806. Basi hapana shaka kwamba hewa yaweza kuua. Linalotupasa kuuliza ni kama itaua upesi.

Na tutwae mfano wa Uingereza, mahali ambapo wakulima wengi huwapiga sungura, panya na njiwa kwa bunduki hizi, wengine kwa ajili ya kitoweo, wengine kwa kuyalinda mashamba. Nguvu ya kirisasi hutokana na uzito wake na mwendo wake. Kirisasi chenye uzito wa gramu 1, kiendacho mita 180 kwa sekunde, kina nguvu ya jouli 16 hivi. Hicho ndicho karibu kipeo cha sheria ya England na Wales: bunduki isiyozidi ratili-futi 12, yaani jouli 16 na kidogo, haihitaji cheti cha polisi; ikizidi hapo, mwenyewe sharti awe na cheti. Huko Scotland cheti hutakiwa kwa bunduki za upepo za kiasi hicho nazo, tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ujerumani nayo ina kipeo cha chini zaidi, jouli 7.5, kwa wasio na ruhusa maalum.

Lakini angalieni neno hili. Vipeo hivyo viliwekwa kwa ajili ya usalama wa watu, wala havikuwekwa kwa ajili ya sungura. Sheria yasema silaha isizidi hapa. Haisemi isipungue wapi. Basi mtu aweza kununua bunduki dhaifu mno, akampiga mnyama akamjeruhi, asiwe amevunja kipeo chochote. Sheria imeweka mwisho wa juu, na mwisho wa chini umeachwa mikononi mwa mwindaji mwenyewe. Hapo ndipo dhamiri yake inapopimwa.

Mtu mwingine atasema, "Basi dawa ni rahisi: nunua iliyo na nguvu kuliko zote." Neno hili lina ukweli nusu. Nguvu ikiwa haba, hata mlengaji hodari atajeruhi tu, kwa maana kirisasi hupungukiwa na mwendo wake kwa kila hatua kiendayo, na kile kilichokuwa na nguvu mtutuni chaweza kufika kimechoka. Lakini nguvu haisahihishi shabaha. Sungura apigwapo kichwani, kati ya jicho na sikio, huanguka papo hapo. Apigwapo tumboni, hukimbilia shimoni na kufa polepole gizani, hata kama bunduki ilikuwa na nguvu maradufu. Tena bunduki ya kamani yenye nguvu nyingi hurusha mabega na mikono, nayo ni vigumu kuituliza. Na kirisasi chenye nguvu kupita haja chaweza kumpita mnyama kikaendelea hata kumfikia mtu nyuma yake.

Basi huruma ina masharti matatu, nayo hufuatana. La kwanza, nguvu ya kutosha. Wawindaji wengi wa Uingereza huona kwamba bunduki iliyo karibu na kile kipeo cha jouli 16 yafaa kwa sungura, ikiwa masafa ni mafupi. Nayo yafaa kupimwa kwa chombo cha kupimia mwendo, maana kamani huchoka pasipo kelele, na mwenyewe asijue. La pili, shabaha. Mahali pa kumlenga sungura hapazidi sana upana wa milimita 25. Mtu ajaribu kwenye karatasi: kama kwa mita 30 virisasi vyake vyatawanyika nje ya kiasi hicho, lakini kwa mita 20 vyote kumi vyaingia, basi mpaka wake ni mita 20, hata kama jirani yake hupiga mbali zaidi. La tatu, kujizuia. Upepo ukivuma, mnyama akigeuka, au mkono ukitetemeka, asifyatue.

Kuhusu ukubwa wa kirisasi watu hubishana sana. Cha milimita 4.5 ni chepesi, huenda mbio, nacho hakishuki upesi njiani. Cha milimita 5.5 ni kizito zaidi na pigo lake ni pana. Kila kimoja kina faida yake, na kwa nguvu ileile mtu achague kile anachoweza kukipeleka mahali pake bila kukosa.

Wako pia wasemao, "Porini hakuna huruma. Mbweha humrarua sungura, mwewe humla akiwa hai, na ugonjwa wa miksomatosi ulioingia Uingereza mwaka 1953 uliwaua sungura karibu wote kwa mateso makali. Basi maumivu ya sungura mmoja ni nini?" Twajibu hivi: mbweha hakuchagua meno yake. Mwindaji amesimama dukani kwa utulivu, amezitazama bunduki kumi, ameuliza bei, amechagua moja. Achaguaye aweza kuulizwa kwa nini alichagua hivyo. Akichukua dhaifu kwa sababu ni rahisi, fedha aliyoiokoa italipwa na mnyama. Wahenga walilijua jambo hili waliposema: Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Watu hawakuanza jana kulifahamu jambo hili. Mwaka 1822 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza watu kuwatesa ng'ombe, farasi na kondoo. Mnyama wa porini hakuwa na bwana wa kumtetea, naye alingoja sana: ilikuwa mwaka 1996 ilipotungwa sheria ya kukataza kumpiga mateke, kumchoma moto au kumzamisha majini mnyama wa porini anyonyeshaye, kwa kusudi la kumtesa. Walakini sheria hiyo haimfuati mwindaji kichakani kuhesabu alama za virisasi vyake kwenye karatasi.

Tena kuna swali litanguliyalo yote. Kama hakuna haja ya nyama wala shamba la kulinda, hakuna nguvu ya bunduki itakayolifanya tendo lile kuwa jema. Litakuwa tu baya lililofanywa upesi. Lakini haja ikiwapo, basi mwindaji na achague silaha yake akikumbuka siku zake mbaya, si siku zake njema: siku ya upepo, siku ya uchovu, siku ya mkono mzito. Ikiwa silaha hiyo, kwa masafa aliyojiwekea, yatosha hata siku hiyo, na ainunue. Isipotosha, na asogee karibu zaidi, au aiache bunduki nyumbani.