Sahihi ya Mmoja, Safari ya Wawili

Mwaka 2003 Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, kisha akashinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Paris. Kenya ilikuwa bado hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ruhusa ilikuja na Katiba ya 2010. Wengi walibishana juu ya bendera. Mimi nauliza juu ya nyumba: mume akiletewa mkataba wa namna hiyo, atie sahihi kabla mkewe hajajua? Utasema pesa ni za wote. Kweli, lakini hata upweke wa ugenini ni wa wote, na shule ya watoto pia. Mke akiwa ndiye mkimbiaji, swali ni lilo hilo (hapo waume wengi hushtuka). Kumwarifu mwenzio si kushauriana naye. Basi mwambieni wakala angoje, mketi wawili watoto wakishalala.