Sindano Yangu na Imani Yangu



Shukrani zote anazistahiki Allah (S.W.), aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ndugu zangu katika imani, zama za Mtume (S.A.W.) mtu mmoja alikuwa safarini, jiwe likampiga na kumpasua kichwa. Usiku akaota, akaamka ana janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hana, kwa kuwa maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika. Akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua, tiba yake ni kuuliza. Hadithi hii imepokewa na Jabir (R.A.), nayo imo katika Sunan ya Abu Dawud.

Tulipoisoma mwaka wa kwanza, niliiandika daftarini chini ya mlango wa tayamamu, nikafunga daftari. Nilikuja kuielewa mwaka wa pili, nikiwa nimelala sakafuni hosteli, mdomo umejaa sukari.

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 15. Mwili wangu hautengenezi insulini, basi najidunga kila siku. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa, mtoto mwenye maradhi haya hakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu. Kwa hiyo sindano hii ni neema. Hata hivyo hapa chuoni niliificha kama mwizi. Nilijidunga chooni, nikaogopa hata kuitaja.

Ramadhani ile daktari alinikataza kufunga. Siku ya pili, ndugu mmoja wa hosteli alinikuta nakula chapati mchana. Akasema mbele ya wengine kwamba kijana mwenye nguvu zake asiyefunga, imani yake ina kasoro. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila hakuniuliza, nami kwa aibu sikumweleza.

Kesho yake nikafunga. Nilikula daku, nikajidunga kipimo kilekile cha siku zote, kana kwamba chakula cha mchana kitakuwepo. Baada ya Adhuhuri mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, maneno yakanichanganyikia. Alhamdulillahi, mwenzangu wa chumba alinitilia sukari mdomoni nikiwa bado naweza kumeza.

Mwili ulitulia jioni ileile. Moyo ndio uliochukua miezi. Kila nikipima sukari, namba niliiona kama alama za mtihani niliofeli. Ikipanda, nimekosea kula. Ikishuka, nimekosea kujidunga. Na maradhi haya hayana likizo, hata siku ya Idi unapima. Mwisho nikaacha kupima. Nikawa nalala tangu Alfajiri mpaka Adhuhuri, simu za mama kutoka Arua sipokei. Juu ya huzuni hiyo nikaongeza nyingine: ni msoma dini gani huyu anayechoka na kadari ya Mola wake?

Siku moja kliniki, muuguzi alifungua daftari langu akakuta kurasa tupu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umechoka?" Nikalia pale pale. Akanieleza kwamba wenye kisukari hupata sonona mara 2 hadi 3 zaidi ya wasio nacho, na kwamba uchovu huu nao una matibabu. Akanipeleka kwa mshauri.

Nikarudi kwenye Qur'ani kwa macho mengine. Katika Suratu Yusuf, aya ya 84, Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Je, Allah alimvua unabii? Katika aya ya 86 anasema kuwa huzuni yake anamshitakia Allah. Huzuni ilikuwepo, na imani ilikuwepo, katika moyo mmoja. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu. Basi anayekuambia kwamba muumini hahuzuniki, amewasahau Mitume.

Ama kuhusu saumu, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, na ikatufahamisha kwamba Allah anatutakia wepesi. Atakayepona atalipa siku zake. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona na hawezi kufunga, hulisha maskini. Na Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua mwaka 1997 kwamba sindano ya dawa isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Kwa hiyo hata anayeruhusiwa na daktari wake kufunga, asiache insulini yake kwa kuogopa.

Ndugu yangu mwenye kisukari, usijifiche. Mwambie mwenzako wa chumba sukari yako inakaa wapi na akuone vipi ikishuka. Ukiona moyo umezimika wiki baada ya wiki, nenda kliniki useme, kama unavyosema mguu unauma. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na hakuutoa moyo katika amri hiyo.

Nawe uliye mzima, ukimwona mwenzako anakula mchana wa Ramadhani, mdhanie heri kwanza. Mkaribie faraghani, muulize hali yake. Wale wa safarini walikuwa watu wema, waliopenda dini yao. Kosa lao lilikuwa kujibu wasilolijua.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu miili na nyoyo. Tuepushe na huzuni inayotukatisha Kwako, na utuepushe tusiwe sababu ya huzuni hiyo kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.