Mwavuli wa Kwapani Haukingi Mvua

Mjukuu wangu, njoo ukae hapa chini ya mgomba. Jua la Sekei bado ni dogo na mimi nina neno. Nimelala nalo siku tatu.

Juzi mama yako alikuwa anafua koti lako. Mfukoni akakuta pakiti ya kondomu, akaniletea mikono ikimtetemeka kana kwamba ameshika nyoka. Mimi sikutetemeka. Nilivaa miwani nikaitazama. Kingo zimechakaa, imekunjika katikati kwa kukaliwa, na tarehe yake ya mwisho ilipita mwaka jana. Hapo ndipo moyo uliponidunda. Kuwa nayo si neno. Neno ni kwamba unaitegemea, na haitakufaa kitu.

Mwavuli wa kwapani haukingi mvua, mwanangu.

Mimi babu yako nimeendesha lori njia ya Namanga kabla baba yako hajaanza shule. Ugonjwa ule wa UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, huku Arusha tulisema hayo ni ya watu wa ziwani. Kufika 1986, hapakuwa na mkoa hata mmoja wa Tanzania Bara usiokuwa na mgonjwa. Miaka mitatu tu! Na sisi tulikuwa tunacheka vijiweni, tunasema AIDS maana yake ni Acha Iniue Dogodogo Siachi. Madereva tulioanza kazi pamoja tulikuwa saba. Wanne nimewazika mimi. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, makaburi yao yalikuwa yameshaota nyasi.

Nakuomba, usicheke tulivyocheka.

Wapo watakaokwambia mpira una vitundu, virusi vinapenya. Hata wazee wenzangu wanasema hivyo, na uongo huo umeua watoto wa watu. Mpira mzima haupitishi virusi. Wataalamu waliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Waliovaa kila mara, maambukizi kwao yalipungua kwa kama asilimia 80 kuliko wasiovaa kabisa. Nimesema kila mara. Leo umevaa, kesho umekwenda peku kwa kuwa eti umeshamzoea, hapo huna kinga. Fisi hahesabu miti ya uzio, anatafuta pengo.

Na mpira wenyewe una maadui. Joto la mfuko wa suruali, siku nzima juu ya bodaboda, linauchosha. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi yanaulainisha mpaka unapasuka. Kama unataka kilainishi, kiwe cha maji. Usiifungue pakiti kwa meno. Usivae miwili, inasuguana na kuchanika. Vaa kabla hujamgusa mwenzako, minya ile ncha hewa itoke, na ukimaliza toka ukiwa umeshika shina usichomoke. Mmoja kwa tendo moja, kisha utupe. Najua unaona aibu babu kuyasema haya. Mimi nilishamaliza aibu yangu makaburini.

Sasa lipo moja ambalo wenzako pale Sanawari hawakwambii. Mpira unalinda pale unapofunika. Virusi vya UKIMWI, kisonono na klamidia husafiri na majimaji, na huko mpira ni ngome. Lakini kaswende, malengelenge na masundosundo hupita ngozi kwa ngozi. Kidonda kikiwa kwenye kinena, mpira haukifikii. Unapunguza hatari, hauiondoi.

Usiseme basi kaswende ni kitu kidogo, sindano tu. Kidonda chake hakiumi, kinapona chenyewe, nawe unasema nimepona. Kumbe kimeingia ndani. Ukioa, mkeo akapata mimba, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa na ugonjwa asioujua alikoutoa. Klamidia nayo humkaa mwanamke kimya kabisa, bila maumivu, inaziba mirija. Miaka kumi baadaye wanazunguka kwa waganga kutafuta mtoto, na ndugu wa mume wanamtukana mke. Nimekaa vikao vya namna hiyo, mwanangu. Mara ngapi nilitamani kumuuliza mume alipita wapi ujanani.

Na vile virusi vinavyoleta masundosundo vina ndugu zao wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine zote nchini mwetu. Tangu 2018 wasichana wetu wanachanjwa. Dada yako mdogo hajachanjwa bado. Kamwambie mama yako asisikilize maneno ya sokoni.

Kama unaweza kungoja, ngoja. Hakuna aliyekufa kwa kungoja. Kama una mmoja, nendeni mkapime wote wawili, mkae wawili. Kuwa na mpira hakukuondolei kupima. Tena usinunue vidonge vya rangi mbili dukani kila ukisikia mkojo unachoma; ukinywa nusu dozi unamfundisha kisonono kuishinda dawa.

Ile pakiti nimeitupa chooni mimi mwenyewe. Nimekuwekea nyingine mpya kwenye droo, mahali pa baridi, na sitakuuliza.

Lakini ikitokea mpira ukapasuka, au ukateleza siku moja, usikae na siri kwa kuogopa babu. Kuna dawa ya kuzuia virusi visishike. Inaanzwa mapema kadiri inavyowezekana, isizidi saa 72, na inamezwa siku 28 bila kuruka. Kutoka hapa mpaka Hospitali ya Mount Meru unakwenda kwa miguu. Niamshe hata usiku wa manane, mjukuu wangu, tutakwenda wote.