Sili Mpya, Uvujaji Uleule

Umeona matone mekundu chini ya gari lako la gia otomatiki? Huenda ni oili ya giaboksi. Ikipungua, presha hushuka, pleti za klachi huteleza na kuungua.

Wengi hununua sili mpya, wakaipaka oili mdomoni na kuigonga taratibu hadi ikae sawa. Baada ya muda, inavuja tena. Kumbe wakati mwingine tundu la kupumulia la giaboksi limeziba, na presha ya ndani ndiyo inayoisukuma oili nje.

Wahenga walitwambia tuzibe ufa. Fundi mzuri huuliza kwanza: ufa umeletwa na nini? Leo, kabla hujanyamazisha ugomvi wa nyumbani au kazini, anza na swali hilo.