Sahani Kando ya Kikombe

Kila mwaka mabibo yaangukapo chini ya mikorosho, swali moja hurudi katika mabaraza ya wazee wa sharika. Je, yampasa Mkristo kuketi mahali panapouzwa uraka, iwapo pale pale pauzwa chakula, naye asema amekwenda kula? Na mama auzaye chakula hicho pamoja na uraka, aweza kuikaribia Meza ya Bwana kwa dhamiri safi? Swali hili si la mchezo. Upande mmoja ziko nyumba zilizovunjika kwa ulevi. Upande wa pili wako wajane ambao madaftari na sare za watoto wao hutoka katika mtungi ule ule.

Kwanza na tujue twasema juu ya kitu gani. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16, kutoka Brazili. Nao leo ndio mti wa fedha katika nchi ya Masasi na Newala. Korosho huuzwa, na bibo hubaki. Bibo hupita korosho yake kwa uzito mara 5 au zaidi, wala halikai: likianguka leo, baada ya siku chache limeoza. Basi watu hulikamua. Maji yake yakinywewa siku ile ile ni matamu, yenye kukwaruza koo kidogo. Na kule Newala juu, ambako zamani wanawake walishuka genge mpaka bondeni kuteka maji, kinywaji cha namna hiyo si cha kudharauliwa. Yakilala huumuka yenyewe, yakawa uraka. Tena uraka ukipikwa na mvuke wake ukakingwa, hutoka nipa, ambayo ni jamaa ya gongo. Juu ya nipa hatuna maneno mengi: hupikwa kwa siri kinyume cha sheria, wala anywaye hajui kipimo cha ukali wake, wala sumu iliyomo. Swali letu ni la uraka, ule uwekwao kando ya sahani ya ming'oko, au samaki wa kukaanga, au ugali wa muhogo kwa kisamvu.

Wako wajibuo upesi ya kwamba kila kileo ni dhambi, na habari imekwisha. Sisi twaheshimu bidii yao, na majirani zetu Waislamu watufunza mengi kwa kujizuia kwao. Lakini Bwana wetu alifanya divai arusini Kana. Na Bibi Katharina von Bora, mke wa Daktari Martin Luther, alitengeneza bia nyumbani mwao Wittenberg, na mumewe akaisifu katika barua zake. Luther yule yule aliwakemea Wajerumani wenzake juu ya ulevi kwa maneno makali. Basi hatuwezi kusema ya kwamba uovu umo katika maji ya mtungi.

Wengine hujibu upesi vile vile kwa upande wa pili. Husema: "Kinywaji pamoja na chakula si ulevi. Watazameni Waingereza, hula na kunywa mahali pamoja, nao ni watu watulivu." Mfano huu husemwa mara nyingi, nasi yafaa tuupime kwa haki.

Ni kweli ya kwamba Waingereza wanayo nyumba ya kunywea waiitayo pabu, maana yake nyumba ya watu wote. Humo mtu huletewa pai ya nyama, au samaki wa kukaanga na viazi, au mkate na jibini na vitunguu vya achari. Na siku ya Jumapili nyama ya ng'ombe iliyookwa. Kando ya sahani huwekwa bia chungu, au saida, ambayo ni maji ya matofaa yaliyoumuka. Hiyo saida ni ndugu kabisa wa uraka wetu.

Walakini utulivu, pale ulipopatikana, haukuletwa na sahani. Zamani wenye mashamba wa magharibi mwa Uingereza waliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa saida, hata mtu akarudi kwa watoto na tumbo lililojaa kinywaji na mkono ulio mtupu. Mwaka 1887 Bunge lilikataza malipo hayo kwa sheria. Mwaka 1908 sheria nyingine iliwazuia watoto walio chini ya miaka 14 wasiingie vyumba vya kunywea. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Karibu na mji wa Carlisle kulijengwa kiwanda kikubwa cha baruti, na ulevi wa wafanya kazi ukazidi. Mwaka 1916 serikali ikaanza kuzinunua nyumba za pombe za mji ule pamoja na viwanda vya bia, ikaziendesha yenyewe hata miaka ya 1970. Nayo ilitengeneza jambo moja lenye hekima: msimamizi wa nyumba alipata mshahara wake, na juu yake sehemu ya faida ya chakula alichouza, lakini kwa kileo hakupewa faida yo yote. Basi hakuwa na sababu ya kumjazia mlevi kikombe cha tano.

Hapo ndipo twaona kiini cha mambo. Watu wale hawakuiamini sahani kuwa itakitakasa kikombe. Walitafuta ni nani apataye faida kwa kulewa kwa mwenziwe, wakaigeuza faida ile. Wala desturi zenyewe si za milele kama watu wadhanivyo: hata kile chakula cha mkate na jibini, kiitwacho kwa Kiingereza chakula cha mkulima, jina lake lilienezwa na wauza jibini katika miaka ya 1950 na 1960. Desturi hufanywa na watu. Kwa hiyo sisi nasi twaweza kuzitengeneza zetu.

Sasa na turudi kwetu. Sisi twasema ya kwamba sahani iliyo kando ya kikombe haimpi mtu udhuru. Mara nyingi ndiyo imshtakiyo zaidi. Mtu aliyekunywa tu amepoteza fedha na akili. Lakini mtu aliyeketi chini ya mwembe akala kuku na uraka, na nyumbani watoto wake wala ugali kwa chumvi, huyo amekula sehemu yao mbele ya macho ya Mungu. Kikombe kimemlevya, sahani imemwonyesha kuwa alijua njaa ni nini.

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afafanuapo ombi la mkate wa kila siku, haishii katika mkate. Huhesabu pamoja chakula na kinywaji, nyumba na shamba, mwenzi wa ndoa na watoto, hata majirani wema. Yote yamo katika ombi moja, wala hatukupewa ruhusa ya kuchagua kinywaji tukawaacha watoto. Tena twaomba mkate wetu, si mkate wangu. Basi kipimo ndicho hiki: kikombe kile chaweza kuwekwa kando ya sahani ya jamaa nzima, mke akiona na watoto wakiona, wala pasiwe na aibu wala upungufu? Kikiweza, hatumhukumu mtu. Kisipoweza, chakula chote cha kilabuni hakitakisafisha.

Na yule mama muuzaji? Hatuthubutu kumfukuza kwa sababu ya mtungi wake, huku tukiyapokea matoleo ya wale wanywao kwake. Lakini naye ana swali la kujibu. Ajua ni nani amekwisha kunywa kipimo chake. Ajua watoto wa nani hawajala. Akizidi kumjazia mtu huyo, fedha apatayo imetoka kinywani mwa mtoto wa mwanamke mwenziwe. Akimwambia, "Baba, leo yatosha, chukua samaki huyu uwapelekee nyumbani," hapo amefanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi.

Wala usharika usimwachie mzigo huo peke yake. Majirani zetu Waanglikana walitangulia katika jambo la namna hii. William Vincent Lucas, aliyewekwa mwaka 1926 kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, hakulifuta jando lote, wala hakulipokea lote. Alilichambua, lililo baya likaachwa na lililo jema likaingizwa katika maisha ya Kikristo. Nasi tulichambue bibo. Maji yake mabichi yaweza kuuzwa kabla hayajaumuka. Nyama yake yaweza kukaushwa, au kupikwa kwa sukari ikawekwa akiba. Usharika ukataao uraka wa mjane, usimnunulie hata kikombe kimoja cha maji matamu, umemfunga jiwe shingoni ukamwamuru aogelee.

Tena tusimsahau ndugu yule aliyeacha ulevi jana tu. Paulo awafundisha Warumi katika sura ya 14 ya kwamba ni vema kuacha hata kilicho halali, kikiwa chamkwaza ndugu. Kwa ajili yake, aliye na nguvu na ainuke mezani mapema, aende nyumbani.

Msimu wa korosho huleta fedha kwa miezi michache. Miezi ya njaa hufuata, mvua ikinyesha na ghala likiwa tupu. Hapo ndipo kila nyumba hujua baba aliketi meza ya nani. Bwana na atupe kula na kunywa kwa shukrani, tusimwache mtu wa nyumbani mwetu nje ya mlango.