Fadhila ya Punda, Fadhila ya Mpandaji: Suala la Deni kati ya Binadamu na Mnyama

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema kuwa fadhila ya punda ni mateke. Hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya utovu wa shukrani, na ni nadra mwanafunzi kuulizwa punda alitendewa wema gani hata akadaiwa shukrani. Mkazi wa Mwiki, upande wa Ruiru, aonaye punda akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji, ana sababu ya kuuliza. Katika uhusiano ule, nani hasa mdeni wa mwenziwe?

Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia kisa ambacho kwa mtazamo wa kwanza kiko mbali na Mwiki: kisa cha msichana akuaye na kushindana pamoja na farasi wake wa kwanza. Muundo wa visa hivi unajulikana. Msichana hupewa mwanafarasi. Wote wawili hawajui kitu. Hufunzana, huanguka, na hatimaye hushinda. Uzito wote wa kimaadili hubebwa na neno “pamoja”. Hata hivyo, neno hilo huficha tofauti kubwa: msichana hukua, farasi huzeeka. Kila ushindi humkaribisha mpandaji kwa farasi wa pili, aliye mrefu na mwepesi zaidi, na humkaribisha farasi wa kwanza kwa mnunuzi.

2.0 Pegasus na Kibii

Mfano mashuhuri katika Kenya ni tawasifu ya Beryl Markham, West with the Night, iliyochapishwa mwaka 1942. Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902, alilelewa Njoro katika shamba la baba yake, mfugaji na mkufunzi wa farasi wa mashindano. Baada ya kumsaidia farasi jike kuzaa, msichana huyo anapewa mwanafarasi awe wake, naye anamwita Pegasus. Baba anapoondoka kwenda Peru, binti anampanda Pegasus kuelekea Molo, akaanze maisha ya ukufunzi wa farasi wa mbio.

Hapana shaka kwamba usimulizi huu una upendo. Sura moja hata inajaribu kuingia katika nafsi ya dume aitwaye Camciscan na kuutazama ulimwengu kwa macho yake. Lakini msimulizi ndiye atoaye hukumu siku zote. Wise Child, jike mwenye kano dhaifu za miguu, anatiwa mbioni na kushinda. Tunaambiwa kuwa ni jasiri. Je, ujasiri ni wa yule asiyeweza kukataa, au ni jina zuri ambalo mwenye kumtuma ameupa uamuzi wake mwenyewe? Matini haitoi nafasi ya swali hilo. Kadiri kitabu kinavyoelekea kwenye ndege, naye Pegasus hufifia katika usimulizi.

Yupo wa tatu. Kibii, mwana wa Arap Maina, alikuwa mwenzake Markham katika michezo ya utotoni. Anaporejea akiwa mtu mzima, sasa akiitwa Arap Ruta, anarejea katika sura ambayo kichwa chake ni neno la Kiswahili, “Hodi!”. Anabisha ili awe mtumishi, na rafiki wa jana anakuwa “Memsahib”. Msimulizi analiona badiliko hilo, analisikitikia, kisha anaendelea na safari. Immanuel Kant alishikilia kuwa ukatili kwa wanyama ni mbaya kwa sababu humzoeza mtu kuwa mkatili kwa binadamu wenzake. Wengi hudhani basi kwamba kinyume chake nacho ni kweli, kuwa mapenzi kwa mnyama ni shule ya utu. Kisa cha Njoro kinaitilia shaka dhana hiyo: zizi lilijaa upole, na utabaka wa kikoloni ukabaki palepale.

3.0 Mnyama mwenye kauli

Ngano za Waswahili zinalishughulikia jambo hili kwa njia nyingine. Katika kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kama kilivyosimuliwa na watu wa Unguja, maskini achokoraye jaani ananunua paa kwa thumuni. Paa huyo anamtafutia mke, nyumba na cheo. Kisha paa anaugua, na tajiri mpya anaamuru apewe uji wa mtama. Mke ndiye aonaye aibu, mume haoni. Paa anakufa, na mume anajikuta tena jaani, akichokora. Vivyo hivyo, katika mkusanyiko wa George Bateman wa mwaka 1901 yumo farasi asemaye, amwonyaye kijana hatari ya mchawi na kutoroka pamoja naye. Hapo “pamoja” lina maana, kwa kuwa farasi ameshiriki katika shauri.

Mpinzani atasema kuwa wanyama hawasemi, na kwamba ngano ni ndoto. Pingamizi hilo halikidhi. Fanani na hadhira yake walijua vyema kuwa paa hasemi. Kauli ya mnyama ni mbinu ya kumpatia mlalamikaji pale ambapo maishani hakuna mlalamikaji. Nayo hukumu huangukia fadhila ya binadamu, wala si ya punda.

4.0 Hitimisho

Mwezi Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara, baada ya biashara ya ngozi kuchochea wizi wa wanyama hao. Mahakama Kuu iliitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika uliafiki kusitisha biashara hiyo barani. Katika mjadala huo wenye punda walilia, na walikuwa na haki ya kulia, kwani riziki yao ilichinjwa. Lakini kilio kilikuwa cha mkokoteni uliokosa wa kuuvuta.

Deni basi ni mawili, na moja halilipi jingine. Lipo la saisi, aliyemlisha farasi na jina lake halikuandikwa kwenye kombe. Na lipo la mnyama mwenyewe, lisilofutwa na sifa wala picha ya ushindi. Hulipwa baada ya mashindano: kwa malisho, tiba na mapumziko ya yule asiyeweza tena kushinda. Mwalimu aifundishaye methali ya punda Mwiki angefanya vyema kuisoma sambamba na kisa cha paa. Huenda wanafunzi wakagundua kuwa teke ndilo kauli pekee aliyoachiwa punda.