Ufunguo wa Daftari ni wa Nani?

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Katika darasa letu hapa Majengo, Pumwani, limeletwa swali ambalo lawahusu wengi wafanyao ukarani Gikomba na Eastleigh. Karani aliajiriwa na mwenye duka la jumla amwekee hesabu katika kompyuta: madeni ya wateja, mishahara ya vibarua na akiba zao. Akalifunga daftari hilo kwa neno la siri. Kisha waligombana, akaondoka hali ya kuwa anadai mshahara wa miezi miwili. Sasa tajiri ataka daftari lifunguliwe, na karani asema: "Nilipwe kwanza." Je, ni halali kwa karani kulizuia neno lile? Na je, ni halali kwa tajiri kutafuta fundi wa kulivunja?

Kwanza tuijue kufuli yenyewe. Katika programu ya Excel ziko kufuli za namna mbili. Moja huzuia watu wasibadilishe tarakimu tu. Hiyo ni kama kamba iliyofungwa mlangoni, na fundi huiondoa bila ya taabu. Nyingine huzuia daftari lisifunguke kabisa; hiyo hugeuza maandishi yote yakawa fumbo, na tangu toleo la 2007 fumbo hilo ni gumu mno, hata Microsoft walioitengeneza hawawezi kumrudishia mtu neno alilolisahau. Libakialo ni kubahatisha neno baada ya neno, na likiwa refu, umri wa mtu waweza kwisha halijapatikana. Basi mwenye neno hilo kifuani mwake ameshika jambo kubwa.

Pengine atasema msemaji: "Je, mafakihi hawakumruhusu fundi cherehani kuizuia nguo mpaka alipwe? Karani ana kosa gani?" Twamjibu: hoja hii si ya kudharauliwa, maana baadhi ya mafakihi wamesema hivyo kweli. Lakini fundi huzuia kitu cha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mdaiwa wake. Karani azuia haki za watu ambao yeye hawadai kitu: kibarua ambaye akiba yake imeandikwa mle, na mteja aliyekwisha kulipa naye ataka jina lake lifutwe. Hawa wamemkosea nini? Tena neno lile alipewa alindie mali, na aliyepewa ufunguo wa kulindia nyumba hana ruhusa ya kuugeuza rehani pasi na mapatano. Dai lake ni la haki, lakini njia yake ni wazee, afisa wa kazi na mahakama.

Ama tajiri, daftari ni lake, na avunjaye kufuli ya sanduku lake mwenyewe si mwizi. Lakini asidhani kwamba kwa hilo ametakasika. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake bila ya kumcheleweshea, basi aliyezuia mshahara ndiye aliyeanza kufunga. Vipi auone uzito wa daftari lililofungwa, asiuone uzito wa chungu kisichopanda jikoni kwa mwenziwe? Wala asimtume fundi aingie katika simu ya karani au barua zake kulitafuta neno. Hizo ni kama nyumba ya mtu, na Suratun-Nur yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini. Hata sheria ya Kenya ya 2018 juu ya makosa ya kompyuta yamwadhibu aingiaye hivyo kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra (630), ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Mtume alikuwa na jeshi, na lau angetaka mlango ungevunjwa. Hakuuvunja. Aliuitisha ufunguo, akaingia, kisha akamrudishia mshikaji wake, na mpaka leo umo katika ukoo wao. Wafasiri wengi huitaja habari hii penye aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, iamrishayo kurudisha amana kwa wenyewe. Mwenye nguvu aliomba, tena akaitimiza haki ya mshikaji. Na mshikaji hakudai kuwa nyumba ni yake.

Basi tuonavyo sisi, wawili hawa wakutane mbele ya mashahidi, mshahara utolewe na neno litolewe katika kikao kimoja. Karani akikataa hata baada ya kulipwa, au akifa, au akisahau, hapo tajiri na atafute fundi, kwa daftari lake tu na mbele ya mashahidi.

Lakini lililo bora ni kutofika huko. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara kuandika madeni na kuyashuhudisha, ili haki isipotee kwa kusahau. Lina faida gani andiko ambalo kusomeka kwake kwategemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na mauti hayapigi hodi? Neno la siri na liandikwe, litiwe katika bahasha, lihifadhiwe kwa ujuzi wa watu wawili waaminifu, na libadilishwe kila karani aondokapo. Na wanaoshika hesabu za misikiti na za vyama vya mazishi katika mitaa yetu waanze wao, kwani walichokishika ni mali ya mayatima na wajane.

Wallahu aalam.